Tom Mboya: Bwana afya aliyewatetea makuli wa Mombasa

MACHI ni miongoni mwa miezi yenye joto kali zaidi katika kisiwa cha Mombasa. Upepo wa kaskazi huwa unaelekea ukingoni, kusi haijaingia, na hewa hutanda nzito juu ya bahari na nchi kavu.

Ilikuwa ni katika mwezi huo, mwaka wa 1955, ambapo makuli wa bandari walitua mizigo yao na kugoma. Aliyeteremka kutoka Nairobi kusimama nao alikuwa kijana wa miaka 24 aliyeitwa Thomas Joseph Mboya.

Wakenya wengi humkumbuka Mboya kwa mambo mengine: ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani, nyadhifa za uwaziri, na risasi zilizokatiza maisha yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba taaluma yake ya kwanza ilikuwa ya bwana afya, yaani mtu aliyefunzwa kutafuta chanzo cha ugonjwa katika maji, hewa, makazi na mahali pa kazi.

Taaluma hiyo, na jinsi ilivyokutana na siasa za vyama vya wafanyakazi, ina funzo kwa yeyote anayetafuta riziki juani hadi leo.

Mtoto wa nyapara

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la katani lililokuwa la mlowezi Sir William Northrup McMillan. Wazazi wake walikuwa Waluo kutoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara wa vibarua katika shamba hilo.

Kwa hivyo tangu utotoni aliwaona watu wakikata majani ya katani mchana kutwa bila kivuli, wakilipwa kulingana na kazi waliyomaliza. Aliyeshindwa kumaliza kwa kuugua au kuchoka alirudi nyumbani na upungufu.

Alikulia katikati ya watu wa makabila mbalimbali, akajifunza Kikamba na Kikuyu mbali na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Wepesi huo wa lugha ulimfaa baadaye, kwa kuwa makuli wa Mombasa walitoka kila pembe ya nchi.

Alisomea shule za misheni ya Kikatoliki, zikiwemo St Mary's Yala na Holy Ghost College ya Mang'u. Karo ilipokosekana, masomo ya sekondari yalikatika. Mwaka wa 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya katika shule ya Jeanes, Kabete, ambako wanafunzi wenzake walimfanya kiongozi wao.

Mafunzo hayo yalimpa jicho la pekee. Daktari humngoja mgonjwa afike hospitalini, bali bwana afya huenda kwenye mtaro, sokoni, kwenye tangi la maji na katika chumba kilichojaa watu kupita kiasi ili kuuzuia ugonjwa kabla haujaingia mwilini.

Maabara ya maziwa

Alipohitimu, Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko alikumbana na ubaguzi uliokuwa desturi ya utawala wa kikoloni. Mkaguzi Mwafrika alifanya kazi ile ile ya mkaguzi Mzungu lakini alipokea sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake.

Siku moja mwaka wa 1951, alipokuwa peke yake katika maabara akipima maziwa, mwanamke Mzungu aliingia na chupa yake ya maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza iwapo kulikuwa na mtu humo ndani. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1963, na hakikumtoka akilini.

Hakuishia kunung'unika. Aliingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza hilo, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka wa 1953 aliacha kazi ya ukaguzi. Mwaka huo huo alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa nchini.

Zilikuwa nyakati za hatari. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka wa 1953. Viongozi wa wafanyakazi kama Fred Kubai na Bildad Kaggia walikuwa kizuizini, na Makhan Singh alikuwa amezuiliwa tangu 1950. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwazoa maelfu ya wakazi wa Nairobi.

Katika mazingira hayo, vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa karibu mlango pekee ambamo Mwafrika angeweza kupaza sauti kisheria. Mboya aliusimamia mlango huo akiwa na umri wa miaka 23.

Kisiwa cha jua na mizigo

Mombasa ilikuwa na historia ndefu ya migomo kabla yake. Makuli waligoma Agosti 1939. Mnamo Januari 1947 mji wote ulisimama wakati wafanyakazi wapatao 15,000 walipogoma, wakiongozwa na chama kipya ambacho Chege Kibachia alikuja kuwa kiongozi wake mashuhuri. Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet.

Ili kuelewa hasira ya watu hao, ni lazima kuelewa kazi yenyewe. Bandari ya Kilindini, iliyoko upande wa magharibi wa kisiwa, ndiyo iliyokuwa lango la Kenya na Uganda. Kahawa na pamba zilitoka, saruji, vyuma na mashine ziliingia. Mzigo mwingi ulipita mabegani mwa watu, gunia baada ya gunia, kutoka bohari hadi gatini na ndani ya ngama za meli.

Ngama ya meli ya chuma iliyopigwa na jua tangu asubuhi haina upepo. Kuli aliyeshuka humo alipata joto kutoka pande tatu: jua la juu, chuma kilichomzunguka, na mwili wake mwenyewe, kwa maana misuli inayonyanyua mzigo huzalisha joto jingi.

Mwili hujipoza kwa jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka kwenye ngozi. Mombasa hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho hutiririka na kudondoka bila kukauka, na mtu hupoteza maji na chumvi bila kupata nafuu yoyote. Ndiyo sababu nyuzi 32 za Mombasa huweza kumchosha mpakiaji kuliko nyuzi nyingi zaidi za mahali pakavu.

Dalili huanza kidogo kidogo: kiu, misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mtu akiendelea na kazi, joto la ndani ya mwili hupanda. Likifika nyuzi 40 na zaidi huanza kuongea ovyo, kuyumba na kuzirai. Asipopozwa haraka, ubongo, moyo na figo huharibika na anaweza kufa.

Waliojenga Mji wa Kale, upande wa mashariki wa kisiwa hicho hicho, walilijua jua lao kwa karne nyingi. Vichochoro vyembamba hutiliana kivuli. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huchelewesha joto kuingia ndani, na baraza za mbele ya nyumba humpa mpita njia mahali pa kupumzikia adhuhuri.

Hata hivyo, hata kwenye Bandari ya Kale hamali hakuwa na raha kamili. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kwa hivyo pilkapilka za kupakua ziliangukia katika miezi ile ile ya joto.

Kilindini ilikuwa shida zaidi. Ratiba ya meli haikungoja jua lipungue makali. Wengi wa makuli walikuwa vibarua wa kutwa, ingawa katika miaka ya 1940 serikali ilikuwa imeanza kuwasajili. Kibarua aliyekaa kivulini hakuwa na hakika ya kuitwa kesho yake. Angepumzika vipi hali kupumzika kulimaanisha watoto kulala njaa?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kuli wa Mombasa alichuma juani, lakini kivuli cha kulia hakukipata. Aliporejea Majengo au mitaa mingine ya kisiwa, alilala katika chumba cha kupanga kilichobanana watu, kisicho na hewa ya kumpoza usiku ili kesho aanze akiwa na nguvu.

Mgomo wa 1955

Mwaka wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mishahara ya mijini ilikuwa imepangwa kwa kumtazama mwanamume asiye na familia, na ikapendekeza kima cha chini kiinuliwe hadi kiwango cha kuilea familia. Mwaka huo huo makuli wa Mombasa walipata chama chao rasmi.

Matumaini yalipanda kuliko mishahara. Machi 1955 makuli waligoma wakidai nyongeza, na mgomo ukawavuta maelfu ya wafanyakazi wengine wa kisiwa hicho. Serikali, iliyokuwa vitani bara, haikutaka kuona lango lake la bahari likifungwa.

Mboya aliteremka Mombasa. Hatari ilimkabili pande zote mbili. Angewachochea makuli, angeishia kizuizini kama waliomtangulia na chama kichanga kingefutwa. Angewaambia warudi kazini mikono mitupu, wangemwona kibaraka wa serikali.

Alichagua njia ya tatu. Aliwahutubia wagomaji, akawasihi warudi kazini kwa sharti kwamba madai yao yashughulikiwe kwa mazungumzo na usuluhishi, kisha akaketi mezani na waajiri akiwa amejizatiti kwa hesabu za gharama ya maisha. Makuli walimsikiliza. Mwisho wa mazungumzo hayo walipata nyongeza ya takriban thuluthi moja ya mshahara.

Madai ya mgomo huo yalikuwa mshahara, wala hayakutaja joto. Lakini bwana afya alielewa uhusiano wa mambo hayo mawili. Mshahara unaotosha humwezesha mtu kula vizuri, kulala katika chumba chenye hewa, na zaidi ya yote kusimama dakika kumi kivulini bila kuhesabu kila sekunde kama hasara.

Ushindi huo ulimfanya Mboya ajulikane nchi nzima. Baadaye mwaka huo shirikisho lake lilibadili jina na kuwa Kenya Federation of Labour, naye akaenda Uingereza kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford.

Kutoka gatini hadi barazani

Aliporejea, siasa zilimwita. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, katika uchaguzi wa kwanza uliowaruhusu Waafrika kuchagua wawakilishi wao. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kongamano la watu wa Afrika yote mjini Accra. Mwaka wa 1959 alikuwa miongoni mwa waliopanga safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani. Mwaka wa 1960 akawa katibu mkuu wa KANU.

Hata hivyo hakuwaacha wafanyakazi. Mwaka wa 1962, akiwa waziri wa leba katika serikali ya mseto, alisimamia kutiwa saini kwa mkataba wa mahusiano ya viwandani kati ya serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi. Mkataba huo ulitambua haki ya mfanyakazi kujiunga na chama na ukaweka utaratibu wa kushughulikia malalamiko kabla ya mgomo.

Baadhi ya wanaharakati walimlaumu kwamba mkataba huo uliwafunga wafanyakazi mikono kwa kuzuia migomo ya ghafla. Lawama hiyo ilikuwa na uzito, kwani baada ya uhuru serikali iliendelea kuvibana vyama. Lakini wazo la msingi lilidumu: mazingira ya kazi ni jambo la kujadiliwa mezani, si hisani ya mwajiri.

Baada ya uhuru Mboya alihudumu kama waziri wa sheria na masuala ya kikatiba, kisha waziri wa mipango na maendeleo ya uchumi.

Jumamosi Julai 5, 1969 alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alipatikana na hatia na kunyongwa, lakini maswali kuhusu waliomtuma hayajazikwa. Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha mababu zake.

Joto lililobaki

Mombasa imelihifadhi jina lake katika barabara ya mtaa wa Tudor, kisiwani. Mambo aliyoyapigania yamekwisha kuingia katika sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuweka maji safi ya kunywa ya kutosha na kuhakikisha hewa inapita. Inasema pia kwamba mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, hatakiwi kulazimishwa kurudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa.

Bandarini, makasha na kreni zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya mabega. Lakini jua halijapungua, na dunia inazidi kupata joto. Mwaka wa 2024 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupindukia kila mwaka, na kwamba barani Afrika ni zaidi ya tisa kati ya kila kumi.

Njia za kujikinga zinajulikana na hazina gharama kubwa. Kazi nzito hupangwa alfajiri na alasiri. Maji hunywewa kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, bila kungoja kiu. Kivuli huwekwa karibu na kazi, na mapumziko huongezwa kadiri joto linavyopanda.

Mgeni kazini huzoeshwa polepole, akianza na sehemu ya tano tu ya muda wa kawaida juani siku ya kwanza na kuongezewa kila siku, kwa kuwa mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Mombasa, mwezi wa Ramadhani unapoangukia wakati wa joto, zamu za kazi nzito zafaa kusogezwa usiku au mapema asubuhi.

Mwenzao akianza kuyumba au kuongea ovyo, wafanyakazi wampeleke kivulini, wamvue nguo za juu, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea, huku msaada wa hospitali ukitafutwa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Kumpoza kusingoje gari lifike, kwani kila dakika ina thamani.

Maarifa hayo yote yaweza kufunzwa kwa asubuhi moja. Kigumu ni kile alichokikuta Mboya mwaka wa 1955. Hamali anayesukuma mkokoteni kutoka Marikiti hadi Mwembe Tayari, fundi anayechanganya saruji kwa malipo ya kutwa na mpakiaji anayeitwa leo na kuachwa kesho hawana meneja wa kuandikiwa barua wala chama cha kuwasemea. Sheria ya 2007 imewapa haki ya kukataa hatari, lakini tumbo ndilo linalowarudisha juani.

Mboya aliwakuta makuli wakiwa vibarua waliotawanyika, akawaonyesha kwamba wakiketi mezani kwa pamoja husikilizwa. Makuli walifaidika kwa kuwa walikuwa na chama. Hamali wa Mombasa wangali wanangoja chao, na Machi huja kila mwaka.